Homa, kuropoka na degedege: ni ensefalitisi (uvimbe wa ubongo)?

Tabibu_Mbale: Wakuu, mtu mzima ana homa siku 3, anaropoka, degedege la mkono wa kulia. Kipimo cha haraka cha malaria ni hasi. Nianzie wapi?

Daktari_Gulu: Sukari ya damu kwanza, sasa hivi! Kisha malaria kwa hadubini, VVU na kriptokoka (fangasi wanaoshambulia ubongo). Kuropoka pamoja na degedege la upande mmoja huelekeza kwenye ubongo wenyewe, si utando unaouzunguka peke yake. Kwenye ensefalitisi ya virusi, maji ya uti wa mgongo huwa na limfositi (aina ya seli nyeupe za damu) nyingi, protini juu, sukari ya kawaida. Usiyatoe ikiwa mboni moja imepanuka.

Mfamasia_Masaka: Asikloviri, dawa ya virusi vya hepesi, isisubiri majibu: miligramu 10 kwa kilo, mshipani, kila saa 8, siku 14 hadi 21. Itiririke saa nzima na mgonjwa apate maji ya kutosha, la sivyo dawa huganda chembechembe ndani ya figo.

Patholojia_KLA: Chini ya hadubini limfositi huzingira mishipa ya damu, na mikroglia (seli za kinga za ubongo) huzonga neuroni (seli za neva) zinazokufa. Virusi vya hepesi hupendelea ubongo wa upande wa masikio, huuozesha na kuuvujisha damu. Ndiyo maana kumbukumbu na usemi huharibika mapema.

Tabibu_Mbale: Asante sana, wakuu. Figo zikiwa tayari dhaifu?

Mfamasia_Masaka: Refusha muda kati ya dozi kulingana na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo).