Katibu wetu analipwa na NGO ya Kampala. Tumtoe au abaki?

Mtu_wa_Masindi: Wandugu, mimi naishi Masindi lakini kwetu ni Hoima, pale bomba la mafuta ghafi la EACOP linapopita. Tuna kamati ya watu ambao ardhi yao imechukuliwa kwa ajili ya bomba, ilianza na watu tisa chini ya mwembe, kila mtu analeta mia tano ya eataimu. Katibu ndiye anatunza kaunta buku, majina yote yamo, ekari, miti, siku mtu alipotia dole gumba, mvua ikinyesha anaifunga kwenye kavera, mfuko wa plastiki, anaisukuma ndani ya shati. Sasa tumesikia tangu mwaka jana kuna NGO ya Kampala inamlipa kila mwezi na hakutuambia. Wazee wanasema atoke, vijana wanasema mtu hali hewa. Akilipwa na wa nje bado ni wetu?

Boda_Busia: Huyo ni wa anayemlipa, basi. Hawa wanaharakati nawabeba kila siku, kikao saa nne, soda saa tano, saa sita wanasaini karatasi ya nauli, haki za wananchi zinasubiri kikao kijacho. Na tuambiane ukweli, hao hao wananchi waliposikia bomba linakuja walipanda miche usiku kwa tochi ili ihesabiwe walipwe fidia. Kila mbuzi na kamba yake.

Binti_Hoima: Boda, hiyo tochi ulishika wewe? Kahawa ya mama yangu ina umri kunishinda. Wapimaji walikuja wakahesabu, wakasema kuanzia leo usipande kitu cha kudumu, panda mahindi na maharage tu. Sawa. Pesa lini? Karibuni. Hiyo karibuni ilikaa zaidi ya miaka mitatu. Nyumba inavuja lakini ukiongeza chumba hakihesabiwi, migomba imezeeka na hakuna kupanda mingine, mdogo wangu alikaa nyumbani temu mbili. Katiba kifungu cha 26 kinasema mtu alipwe kwanza ndipo ardhi yake ichukuliwe. Sasa niambie mwizi nani, mama au karibuni?

Fundi_Bombo: Dada pole kwa mama, lakini nacheka kwa sababu boda hajasema uongo wote 😂 Shemeji yangu huko huko alinunua miche ya kahawa mia mbili akaichomeka usiku mmoja, imebanana kama nywele za brashi, asubuhi mpimaji anamuuliza mzee hii ni nasari au shamba? Akaandikiwa ishirini. Iliyobaki mbuzi walimaliza.

Binti_Hoima: Shemeji yako mmoja ndiyo mmefanya wilaya nzima wezi.

Mzee_wa_Arua: Vijana mwenzenu ameuliza posho nyinyi mnabishana miche. Sisi wakati wa Mabira 2008, serikali ilipotaka kumpa mwenye sukari karibu robo ya msitu, hakuna aliyelipwa hata shilingi. Watu walitumiana meseji tu, msinunue sukari ya Lugazi, na watu waliiacha dukani kweli, mke wangu alikunywa chai ya asali mwezi mzima huku ananilaumu mimi kama ndiye nimeuza msitu. Mabira ipo mpaka leo. Ukilipwa unakuwa mfanyakazi, na mfanyakazi ana bosi.

Kasese_Kabisa: Shikamoo mzee. Ni 2007, mwezi wa nne. Na tusipambe sana, siku ya maandamano Kampala Mhindi aliuawa barabarani na hakuwa na hata mti mmoja Mabira. Posho haikuwepo sawa, lakini hata wa kuulizwa hakuwepo.

Mzee_wa_Arua: Unanifundisha 2007 mimi? Wewe ulikuwa darasa la ngapi? Yule marehemu nilimsikitikia mimi, usinipake damu kwa sababu nimetaja asali.

Kasese_Kabisa: La tatu mzee. Nimerekebisha mwaka tu.

Boda_Busia: Tuache wafu walale. Nyinyi wote mnapinga bomba halafu petroli ikipanda mnanitukana mimi nauli. Mafuta yamegunduliwa 2006, mpaka leo mke wangu anapika kwa mkaa.

Binti_Hoima: Nani amepinga bomba? Soma tena pole pole. Hilo bomba ni kilomita 1,443 mpaka Tanga na lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta yetu yanaganda kama samli, sasa pesa ya kupasha mafuta ilipatikana, ya kahawa ya mama ndiyo ikawa inatafutwa. Na waliokataa bei ndogo unajua walifanywaje? Mwisho wa 2023 serikali ikapeleka familia 42 kortini, siku chache tu uamuzi umetoka, pesa iwekwe kortini watu wapishe. Nchi hii hii ambayo kesi ya mbuzi inamaliza majaji wawili! Siku hiyo ndiyo unamtafuta mwenye kaunta buku, na yeye anakula nini?

Kasese_Kabisa: Zile 42 zilikuwa za mradi wa Tilenga, upande wa visima vya mafuta, siyo za bomba. Lakini umesema vizuri.

Binti_Hoima: Visima, bomba, aliyetolewa shambani anaona tofauti gani?

Fundi_Bombo: Mimi bado niko kwenye kahawa. Kwenye ile orodha ya wilaya ya bei za fidia, mche na mti mkubwa bei moja au? Shemeji anadai alidhulumiwa.

Binti_Hoima: Siyo moja. Kila wilaya ina orodha yake na mche haulipwi kama mti unaozaa. Mwambie shemeji akawashtaki mbuzi.

Mtu_wa_Masindi: Jamani katibu wangu 😅 Nilisahau kusema, amekuja na pikipiki pia. Hiyo ndiyo imewakasirisha wazee kuliko mshahara.

Boda_Busia: Pikipiki gani? Boxer?

Mtu_wa_Masindi: Yamaha, ile ndefu, nyuma ina keria ya chuma.

Boda_Busia: Basi waambie wazee walale. Hiyo siyo yake. Mtu wa kijijini hanunui Yamaha, spea yake bei ya ng'ombe. Hiyo ni ya shirika, mradi ukiisha wanakuja na pikapu wanaipakia, yeye anabaki na helmeti. Nimeona mara nyingi. Mimi huyo katibu nisingemuuliza habari ya pikipiki, ningeuliza ile kaunta buku iko wapi saa hii, kwake au wameshaichukua Kampala?

Mzee_wa_Arua: Leo boda amesema.

Mtu_wa_Masindi: Mara ya mwisho kuiona ni kabla ya Krismasi. Ngoja nimpigie.

Fundi_Bombo: Ukimpata katibu muulize, shemeji yangu mle ameandikwa ishirini au mia mbili.