Mrejesho: Kipokezi cha kufuatilia ndege, Kigoma

Wakuu, niliuliza kama nifunge vipokezi viwili nyumbani, MHz 1090 na 978, masafa ya redio ambayo ndege (eropleni) hutangazia mahali zilipo. Shukrani kwa majibu. Ni kweli 978 inatumika Marekani tu, chini ya futi 18,000, kwa hiyo huku Kigoma ingekaa kimya.

Cha pili nimekihamishia MHz 137.9, kupokea picha za mawingu kutoka Meteor, setilaiti za hali ya hewa za Urusi. Antena yake ni ya umbo la V, kila mkono sentimita 53. Ya 1090 ni fupi mno, sentimita 6.9 tu, robo ya urefu wa wimbi, nimeipandisha juu ya bati. Upande wa ziwa hakuna kinachoikinga, ndege za kuelekea Kongo nazifuata mbali kweli! Upande wa vilima zinakatika mapema. Mlingoti mrefu zaidi unafuata.