Uliyezima Columbo jana kijiweni Ngamiani, sijakusamehe

MwanaMakorora:

Wakuu, sijalala. Saa tisa hii ya usiku mkono bado unatetemeka.

Mtu mwenyewe mnamjua. Simtaji. Ni yule wa kunywa vikombe sita vya kahawa akalipa viwili, halafu anauliza kashata zimebaki ngapi. Watu wa barabara ya 12 mshaelewa.

Jana baada ya isha nimekuja na flashi yangu. Kijiwe kizima kiliniruhusu, muulizeni muuza kahawa. Nikaweka Columbo, ile tamthilia ya zamani ya Marekani ya polisi mpelelezi, kipindi cha 1973 cha daktari wa upasuaji, kacheza Leonard Nimoy, yule yule Spock wa Star Trek, wa masikio. Kwa wasioijua: daktari anamshona mzee mwenzake moyo kwa uzi unaoyeyuka badala ya uzi wa kudumu, ili siku chache mbele moyo uachie na watu waseme kazi ya Mungu. Muuguzi kashtukia, kauawa.

Kulikuwa na vijana watatu hawajawahi kumwona Columbo maishani mwao. Mwanzoni wananicheka, mjomba huyu ndiye polisi, mbona koti kama la mlinzi wa godauni la mkonge? Nikawaambia tulieni. Kufika katikati hakuna anayepumua. Mkaanga chipsi kasahau karai, moshi wake nadhani wameuona mpaka Pemba.

Sasa tumefika mwisho wenyewe. Columbo kapekua kila mahali, ule uzi unaoyeyuka haupo. Kashindwa. Kaaga, katoka. Daktari kashusha pumzi. Dogo mmoja kanishika bega, "Mjomba, sasa uzi uko wapi?" Mlango unafunguliwa tena, lile koti linaingia...

PAP. Mpira.

Kachukua rimoti mezani bila hodi, koti likiwa mlangoni. Akasema mbele ya watu wote, "Muuaji si mmeshamwona tangu mwanzo? Mnangoja nini? Babu, kalale." Nina miaka arobaini na nne. Babu!

Na mpira wenyewe ni MARUDIO. Mechi ya juzi. Matokeo anayajua, yeye ndiye aliyetuimbia tangu alasiri nani kafunga na dakika ya ngapi. Aliyejua magoli yote kakaa kuangalia magoli, na mimi ndiye naambiwa sina cha kungoja.

Columbo hafichi muuaji, ndiyo utamu wake. Ni kama kumtazama samaki anavyojipeleka mwenyewe kwenye dema, anazunguka, anajiona mjanja, na mlango nyuma hauonekani tena. Marehemu baba alikuwa na deki na kanda zilizotoka Mombasa, tunajaa tisa kwenye mkeka mmoja, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa yule bwana akigeuka mlangoni kuuliza kale kajambo kake kamoja ka mwisho. Kigari chake Peugeot 403 kimechoka. Koti ni la Peter Falk mwenyewe, mwigizaji wa Columbo, alikuja nalo kazini kutoka kwake. Jicho moja la bandia, alitolewa la kweli akiwa na miaka mitatu, na bado anaona kuliko kijiwe kizima. Mtu kama huyo unamzima?

Mlango ulikuwa unafunguliwa, jamani. Unafunguliwa!

BintiRaskazone:
Pole kaka yangu. Ila saa tisa usiku, wifi anajua uko macho kwa ajili ya koti la mwanaume mwingine?

ShahidiWaJana:
Mimi nilikuwepo. Mbona husemi kwamba kila baada ya dakika mbili ulikuwa unasimama mbele ya TV kutueleza? Nusu ya Columbo nimeiona kupitia kwapa lako. Na rimoti ilipochukuliwa uliruka ukamwaga kahawa yangu, mpaka sasa hujailipa.

MwanaMakorora:
Kahawa nitalipa. Koti lilikuwa linaingia, Shahidi. Uliliona kwa macho yako.

KiparaWaUsagara:
Columbo ni mpole mno, ndiyo maana mnazimiwa. Ingekuwa Kojak, yule mpelelezi mwingine wa TV, asingethubutu. Telly Savalas, kipara kinang'aa kama sufuria ya harusi, pipi ya kijiti mdomoni badala ya sigara, New York nzima inanyooka. Kuanzia 1973 mpaka 1978 hakuna mhalifu aliyelala.

KandaMbili:
Kipara punguza chumvi. Huku Bara TV zimeanza 1994. Huyo Kojak ulimwona wapi?

KiparaWaUsagara:
Kwenye deki ya shangazi, Unguja. Wenzenu wana TV ya rangi tangu miaka ya 1970, nyie mko na redio ya mkulima mnaipiga makofi iongee.

MgosiWaMlalo:
Wote mnanitia hasira. Derrick, mpelelezi wa Kijerumani, mmemweka wapi? Vipindi 281, kuanzia 1974 mpaka 1998, na vyote kaandika mtu mmoja, Herbert Reinecker. Horst Tappert hakimbii, hapigi kelele. Anakutazama na yale macho yake yenye mifuko, unaungama mpaka maembe uliyoiba ukiwa darasa la pili. Harry msaidizi wake yuko pembeni kanyamaza. Munich yote kimya.

KandaMbili:
Mgosi, huyo Tappert mwaka 2013 si iligundulika aliwahi kuwa askari wa Waffen-SS enzi za Hitler? Wajerumani wenyewe wa kituo cha TV cha ZDF wakaacha kumrudia.

MgosiWaMlalo:
Najua. Niliumia wiki nzima, chai haipiti. Usinikumbushe usiku huu.

BintiRaskazone:
Nyie wanaume mna bahati, mmezimiwa tu. Mimi mama yangu anampenda Jessica Fletcher, yule mama mwandishi wa vitabu, Angela Lansbury, kaanza 1984 kamaliza 1996 na popote anapokwenda lazima mtu afe. Nikamtafutia diski, kumbe imetafsiriwa na dijei. Yule dijei mnamjua. Mama mtu mzima, msomi, anapewa sauti ya konda wa daladala! Na pale pale anaponyoosha kidole kumtaja muuaji, dijei anakata anatangaza namba yake ya simu. Mara mbili! Muuaji mpaka leo hatumjui.

KiparaWaUsagara:
Yule dijei!!! Alinitafsiria ya Kihindi, mtu anakata roho, yeye anasalimia wateja wa Pongwe na Muheza.

KandaMbili:
Yangu alikuwa anakula. Nasikia anatafuna kabisa.

MgosiWaMlalo:
Ashukuru hajamgusa Derrick. Huyo tutamfuata mpaka Amboni, aingie pangoni.

MwanaMakorora:
Wakuu turudi kwenye mada. Rimoti. Mlango ulikuwa unafunguliwa.

DogoChipsi:
Shikamoo mjomba, ni mimi wa jana. Sijalala pia. Nimeuliza kijiwe kizima hakuna anayejua. Uzi ulikuwa wapi?

ShahidiWaJana:
Mfukoni mwa Columbo mwenyewe. Daktari alimtumbukizia pale alipomvamia kwa hasira kwenye chumba cha upasuaji. Ndiye mtu pekee ambaye hakupekuliwa.

DogoChipsi:
AAAAH. Mfukoni kwake!

MwanaMakorora:
SHAHIDI. Nilikuwa namwekea leo jioni. Nimeshaiandaa, dakika kumi za mwisho, na rimoti naikalia mwenyewe. Na wewe sasa sikusamehe.

ShahidiWaJana:
Nilipe kahawa kwanza.

BintiRaskazone:
Kipara, ile namba ya dijei unayo nzima? Mama kaamka, anataka kumpigia yeye mwenyewe.