Maoni kuhusu rasimu: nahodha wa Lamu na kipandikizi cha ubongo, mwaka 2041

Mwandishi wa Langoni
Assalaam aleikum. Mliochukua rasimu yangu ya sura tisa, naomba maoni, na palipo na kasoro nionyesheni bila kunisitiri. Kwa asiyeisoma: ni Lamu ya mwaka 2041. Nahodha wa jahazi amepigwa na kiharusi, ulimi umekufa ila mikono bado inashika usukani. Anatiwa kipandikizi kichwani na mashine inasema kwa niaba yake. Sura ya sita yupo jasusi anayekaa kwenye mashua mbele ya gati na kunasa mawazo ya nahodha hewani. Je, yanaaminika? Na nahodha anaponena kupitia mashine, mnamsikia yeye?

Wa Mkomani
Waalaykum salaam. Sura ya kwanza imenikaa moyoni, hasa pale mke anapojifunza kusoma kope za mumewe. Kasoro iko sura ya pili. Umeandika kwamba kiharusi kimeua upande wa kushoto wa ubongo, halafu daktari anatia elektrodi, yaani vijichuma vinavyonasa umeme wa seli, papo hapo palipokufa. Elektrodi hizi hazifufui kitu, zinasikiliza tu. Zinahitaji seli zilizo hai, ambazo bado zinatoa amri ya kusogeza ulimi, midomo na koo, ila amri haifiki. Kwa hiyo uharibifu uweke chini zaidi: kwenye shina la ubongo, au kwenye neva zinazoshuka kutoka hapo.

Lakini kiharusi cha shina la ubongo mara nyingi huondoka na mikono na miguu pia, nawe unamtaka mtu ashike usukani. Basi badilisha ugonjwa. ALS, ule unaoua neva zinazoendesha misuli, ukianzia kooni na ulimini huondoa usemi kwanza huku mikono ikiwa bado na nguvu. Mshiriki wa majaribio ya Chuo Kikuu cha Stanford yaliyochapishwa 2023 alikuwa hivyo, na mashine ilimtolea maneno 62 kwa dakika. Mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza ni kama 160. Tena ALS haisimami. Mikono nayo itafuata, na msomaji akilijua hilo mapema, kila safari ya jahazi itamkaba roho.

La pili ni plagi. Katika majaribio hayo waya zilitoka nje kupitia plagi ya chuma iliyokazwa kwenye fuvu, ikichomoza juu ya ngozi. Sura ya tatu nahodha anapiga mbizi kufungua nanga iliyonasa. Kwa plagi hiyo, hapana: ngozi inapokutana na chuma ndipo vijidudu hupenya. Hata kupaka maji kichwani wakati wa udhu kungetaka uangalifu. Mpe kipandikizi kilichozikwa chote chini ya ngozi. Vya namna hiyo vyenye elektrodi 1,024, vya kampuni ya Neuralink, vilianza kutiwa watu Januari 2024, kwa hiyo mwaka 2041 hakuna atakayeshangaa.

Fundi wa Shela
Mimi nina ugomvi na jasusi wako. Fanya hesabu: elektrodi 1,024, kila moja inapimwa mara 20,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 10. Hiyo ni takriban biti milioni 205 kila sekunde. Bluetooth ile isiyokula umeme mwingi haizidi milioni 2. Basi chipu yenyewe, humo humo kichwani, inatupa karibu kila kitu na kutuma muhtasari tu: seli gani imewaka, saa ngapi. Kinachopita hewani ni hesabu, tena zimefichwa kwa msimbo, na bila king'amuzi, yaani programu inayozigeuza kuwa maneno, kilichofunzwa kwa kichwa cha mtu huyo huyo, hazina maana yoyote. Na masafa ni mita chache. Mashua iliyotia nanga mbele ya gati haisikii kitu.

Usiseme "wataongeza nguvu ya redio". Kinachozuia ni joto. Viwango vya vipandikizi vyenye betri vinataka uso wa kipandikizi usizidi nyuzijoto 2 juu ya joto la mwili la 37. Kwa sababu hiyo hiyo ifute sentensi ya sura ya tano kwamba chipu "ilichemka". Ikikaribia hapo inajizima.

Mbizi ibakize, ila ndani ya maji ya chumvi mawimbi ya redio ya aina hii hufa kabla ya kufika mbali. Sentimita chache tu. Akizama, simu iliyoko jahazini, ile inayomsemea, haimpati. Nahodha anakuwa bubu tena mpaka kichwa kitokeze, na mwanawe juu hajui kama ni baba amenyamaza au ni maji.

Kuchaji: koili mbili, yaani waya zilizoviringwa, zinatazamana, moja chini ya ngozi, nyingine nje. Ishonee ile ya nje ndani ya kofia. Kofia ikiteleza sentimita mbili, umeme mwingi unageuka joto na betri haijai. Kwa hewa ya chumvi ya kwetu kitakachooza kwanza ni tundu la chaji la simu, wala si kipandikizi.

Jambo moja umelisahau kabisa. Ubongo ni laini na unapwita kwa kila pigo la moyo, kwa hiyo nyuzi zenye elektrodi husogea. Mgonjwa wa kwanza wa Neuralink, wiki chache baada ya upasuaji, nyuzi nyingi zilirudi nyuma na ikabidi programu ibadilishwe ili arudi kufanya kazi. Mpe nahodha zoezi la kila asubuhi: sentensi kadhaa kwenye kioo cha simu, azijaribu moja moja ili king'amuzi kijirekebishe. Siku ambayo king'amuzi hakirekebishiki, hapo una sura nzima.

Bint Amu
Umeuliza kama tunamsikia nahodha. Mimi simsikii, na sababu ni Kiswahili chake, Kiamu chetu cha Lamu. King'amuzi hakikamati maneno. Kinakamata sauti moja moja, halafu modeli ya lugha, programu iliyojifunza kwa kusoma maandishi mengi, ndiyo inayochagua neno. Modeli iliyolishwa magazeti ya Nairobi haijui kwamba *mato* ni macho. Itapokea m-a-t-o na kuandika "moto". *Nti* itakuwa "nchi", *yana* itakuwa "jana", *ndia* itakuwa "njia", na hayo angalau yana maana ile ile. Lakini *kaa* la moto na *kaa* wa pwani wenye mpumuo? Sisi tunawatenga kwa pumzi tu, na mfumo uliojengwa kwa sauti za Kiingereza hauna mahali pa kuiweka pumzi hiyo.

Kwa hiyo nahodha azungumze kama mtangazaji wa redio, na mkewe asimtambue. Mwandikie mazungumzo mara mbili: alichokusudia kwa Kiamu, na kilichotoka. Sauti yenyewe si shida. Mwaka 2024 watafiti wa UC Davis walimrudishia mgonjwa wa ALS sauti iliyofanana na yake, wakitumia rekodi za kabla ya ugonjwa. Nahodha ana jumbe za sauti za WhatsApp za miaka mingi, zote kwa Kiamu. Humo ndimo mna sauti na lafudhi kwa pamoja. Mtoto akizifuta kupunguza mzigo wa simu, ameharibu vitu viwili.

Mwandishi wa Langoni
Shukran sana. Nikimtoa jasusi, sura ya sita inasukumwa na nini?

Msomaji wa Malindi
Na kampuni kufungwa. Argus II, jicho la bandia lenye elektrodi 60, liliidhinishwa Marekani 2013 na kutiwa zaidi ya watu 350. Mwaka 2020 kampuni iliyolitengeneza ilikaribia kufilisika. Watu wakabaki na chombo jichoni, hakuna wa kukitengeneza wala vipuri. Barua moja ya kampuni kutangaza kwamba inafungwa ikifika Lamu inamtisha msomaji kuliko jasusi kumi. Hapo hapo tumia lile la fundi: nyuzi zimesogea, programu inataka marekebisho, na hakuna anayepokea simu.

Hakimu wa sura ya nane naye asiseme "hakuna sheria". Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na habari za afya ni data nyeti ndani yake. Chile iliingiza ulinzi wa shughuli za ubongo katika katiba 2021, na 2023 mahakama yake ya juu ikaamuru kampuni moja ifute data ya ubongo ya mtu. Wakili wa nahodha angeitaja hukumu hiyo.

Ila fundi, tusimzamishe mwandishi kwa tarakimu. Biti milioni 205 azijue yeye; nahodha ajue tu kwamba kofia imepinda.

Bint Amu
Na fungua sura hiyo na kaa. Nahodha anaagiza kaa wawili wa chakula cha jioni, mtoto analeta makaa mawili ya moto kwenye chetezo, na mke ndiye wa kwanza kuelewa kwamba mashine imeanza kupotoka.