Nimenunua heka 6 Kongwa, wenyeji wa Dodoma naomba mnieleze hii ardhi

Mgeni wa Makole
Wakuu habari za mchana. Mimi kwetu Kagera, nimehamia Dodoma kikazi toka 2019, mwaka jana nikanunua heka 6 upande wa Kongwa nikapanda mahindi yote. Yalikuja vizuri mpaka kimo cha kiuno, yakaanza kutoa mbelewele, mvua ikakata wiki tatu, basi, nimevuna gunia nne tu. Mzee jirani yangu kapanda uwele na kavuna vizuri tu. Sasa nauliza, hii ardhi ina shida gani na zamani watu walikuwa wanaishi vipi hapa?

Mjukuu wa Ugogo
Mbukwenyi! Pole sana ndugu yangu, ila ardhi haina shida, shida ni kuilazimisha. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, milimita kama 500 hadi 600 kwa mwaka, na katikati inaweza kukata bila taarifa. Uwele na mtama vinasimama vinasubiri, mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele ndio imetoka hiyo.

Na hukuanza wewe. Waingereza mwaka 1947 walikuja hapo hapo Kongwa kulima karanga, kwao baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa ya shida, wakapiga hesabu ya heka zaidi ya milioni 3 ukijumlisha Urambo na Nachingwea. Vichaka na mibuyu vikawavunjia matrekta, hadi vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Halafu ule udongo mwekundu kiangazi unakuwa kama saruji, karanga ipo chini na kuing'oa huwezi. 1951 wakafunga, pauni kama milioni 36 zimeteketea. Sehemu ya eneo hilo ndio ikaja kuwa Ranchi ya Kongwa, yaani ng'ombe, kitu ambacho Mgogo alikuwa nacho siku zote.

Bibi yangu kabla ya kupanda alikuwa anachimba kwa jembe shimo la kiganja, anashika udongo wa chini anaufinya, ukishikana anapanda, ukimwagika anarudi nyumbani hata kama majirani wote wameshapanda. Naliamini lile shimo kuliko redio.

Mama Zabibu Hombolo
Naongezea, usisahau zabibu. Mimi nina heka moja na nusu, navuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, ukishakata matawi ndio umeuamsha, miezi minne hivi unavuna. Za kiangazi ndio tamu, za masika zinasumbuliwa na ukungu na kuoza. Lakini nguzo, waya na maji ni hela nyingi mwanzoni na zabibu hazisubiri, mwaka mmoja mnunuzi aliniahidi kuja Jumatatu akaja Ijumaa, nusu ya mzigo ilikuwa imeshalainika nikauza kwa bei ya kutupa. Tafuta soko kabla ya mche.

Dalali mstaafu
Mimi nimekaa soko la Kibaigwa miaka mingi. Watu wanaona malori ya mahindi pale wanadhani Kongwa yote ni ya mahindi, wakati mzigo mwingi unashuka toka Kiteto, kule ni Manyara na mvua ni nyingine. Kwa heka 6 zako weka alizeti tatu, uwele au mtama mbili, mahindi moja ya kuchoma na watoto. Mbegu ya mahindi iwe ya muda mfupi. Na lima matuta ya kukinga maji, usifanye kuberega, yaani kupanda bila kutifua shamba, mvua ya huku ikija inakuja kwa fujo na udongo usiotifuliwa maji yanapita juu juu yanaishia korongoni.

Mgeni wa Makole
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Nimempigia yule mzee jirani, kasema mbegu ya uwele atanipa debe moja bure ila niende mwenyewe akanionyeshe nafasi ya mashimo. Mama Zabibu, nikija Hombolo Jumamosi naweza kuona mnavyokata matawi?

Mama Zabibu Hombolo
Njoo asubuhi mapema, saa nne jua likishapanda tunaacha.