Wauzaji wa kesi za kompyuta, mnaposema "pini nne" semeni ni pini nne zipi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mtwara mjini. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu kilichonipotezea fedha na wiki tatu za kazi si ajali. Niliuliza swali moja kuhusu feni za kesi, yaani sanduku la kompyuta, kabla ya kulipa, nikajibiwa kwa maneno mawili ambayo katika biashara hii yanaweza kumaanisha vitu vitatu visivyofanana hata kidogo.

Ninaendesha chumba kidogo cha kurekodia sauti hapa Chikongola. Kazi zangu kubwa ni matangazo ya magari ya vipaza sauti, kaswida, na sauti za kuingiza kwenye video za harusi, na kazi hizo huongezeka sana kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza na fedha kuonekana mikononi mwa watu. Wakati wa kurekodi chumba hufungwa, maana ukiacha dirisha wazi unarekodi bodaboda. Kwa joto la pwani yetu, kompyuta iliyofungiwa humo haiwezi kukaa bila feni, na maikrofoni nayo haiwezi kuvumilia feni inayovuma kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana nilikuwa natafuta kesi ambayo feni zake zinapunguzwa kasi na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ninaporekodi, kisha zinapandishwa ninapochakata video.

Muuzaji wangu yuko Dar es Salaam. Nilimpigia simu, nikamweleza matumizi yangu, nikamuuliza feni nne zilizomo ndani ya kesi ni za pini ngapi na kama mazabodi itaweza kuzidhibiti. Akajibu: "Pini nne hizo kaka, hamna shida." Nikatuma shilingi 165,000 na gharama ya mzigo juu yake, kesi ikapanda basi, ikasafiri zaidi ya kilomita 500 mpaka kwangu.

Nilipofungua boksi nilikuta plagi nne kubwa za Molex, zile zile zilizokuwa zikiingizwa kwenye diski na sidii za zamani. Ni kweli zina nafasi nne. Lakini nafasi hizo zinapokea nyaya za pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme), yaani wa njano wenye volti 12, mwekundu wenye volti 5, na weusi wawili wa hasi, na feni yenyewe inatumia mbili tu kati ya hizo, ile ya volti 12 na hasi moja. Hakuna waya wa kuieleza mazabodi feni inazunguka kwa kasi gani, wala wa kupokea amri yoyote. Ukiwasha kompyuta feni inapewa volti 12 na kukimbia mpaka utakapoizima, uwe unarekodi kaswida au umelala.

Pini nne nilizokuwa nikiziulizia mimi ni zile ndogo zinazokaa mstari mmoja kwenye mazabodi: hasi, volti 12, waya wa kuripoti mizunguko, na waya wa nne wa amri, unaoitwa PWM. Kwa mujibu wa vipimo vilivyotolewa na Intel kwa ajili ya feni za nyaya nne, waya huo hubeba ishara inayowaka na kuzima takriban mara 25,000 kwa sekunde, na feni hupunguza au kuongeza kasi kufuatana na muda ambao ishara imewaka, huku volti 12 zikibaki pale pale. Tena kuna pini nne za tatu, za taa za rangi za volti 12, ambazo hazizungushi kitu chochote. Sasa mtu anayeuza vitu hivi kila siku anaambiwa kinagaubaga kwamba mteja anataka kudhibiti kasi, halafu anajibu "pini nne" na kukata simu! Kama alijua tofauti, alinidanganya. Kama hakujua, alikuwa na wajibu wa kuigeuza kesi, kutazama plagi kwa nusu dakika, na kunitumia picha.

Nilipomrudia, alisema nitafute kibadilishi cha Molex, "kipo kila mahali". Nilikipata hapa mjini kwa shilingi 8,000, nikagundua kimetengenezwa kwa mwelekeo usio wangu. Kinachouzwa kila mahali ni cha kuchukua feni ya pini 3 au pini 4 ndogo na kuichomeka kwenye Molex ya pawasaplai, yaani kinaifanya feni nzuri iwe kama hizi mbovu zangu. Ninachohitaji mimi ni kinyume chake: upande mmoja uingie kwenye soketi ndogo ya feni kwenye mazabodi, upande mwingine upokee plagi ya Molex ya feni. Kwa njia hiyo mazabodi ingeweza kushusha volti na feni ikapungua kasi, ingawa mizunguko ingesomeka sifuri kwa kuwa waya wa kuripoti haupo. Muuzaji wa hapa naye hakuuliza nakitumia wapi, akapokea fedha akasema mali ikishauzwa hairudishwi.

Nikakata tamaa na feni ya nyuma, nikanunua feni mbili za milimita 120 zenye pini 3, moja ya nyuma na moja ya juu palipokuwa wazi. Hapo ndipo nilipokutana na fundi aliyenifanya nikae chini niandike haya. Alizichomeka kwenye soketi za pini 4 za mazabodi, zikaingia vizuri kwa sababu kile kibao cha plastiki kinachoelekeza plagi kimekaa upande wa pini tatu za mwanzo, kisha zikaanza kuvuma kwa mizunguko 1,800 kwa dakika. Nilipolalamika akanijibu kwa uhakika kamili kwamba feni ya pini 3 haipunguzwi, na akataka shilingi 15,000 za ufundi.

Maneno hayo si kweli, na inanikera kwamba yanarudiwa kwenye maduka mengi. Feni ya pini 3 haina waya wa amri, kwa hiyo soketi ikiwa kwenye hali ya PWM itaendelea kuipa volti 12 na feni itakimbia. Lakini mazabodi nyingi zina hali ya pili, inayoandikwa DC, ambayo hushusha volti zenyewe. Usiku ule niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe, nikafungua ukurasa wa feni, nikabadilisha soketi zote mbili kutoka PWM kwenda DC, nikaweka kiwango cha chini cha karibu volti 7 ili feni isishindwe kuanza kuzunguka. Zikashuka hadi mizunguko kama 1,000. Ilinichukua dakika 5! Kwa kanuni za feni, ukipunguza mizunguko kwa nusu hewa nayo inapungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na mtu yeyote anayefanya kazi ya sauti anajua desibeli 15 ni nini.

Fundi huyo huyo alikuwa amependekeza tuunganishe feni zote tano kwenye soketi moja kwa waya wa kugawanya. Kila feni yangu imeandikwa ampea 0.3, na soketi ya kawaida ya feni hubeba ampea 1 tu. Zidisheni wenyewe. Ningemkubalia, leo ningekuwa nalilia mazabodi.

Sidai kwamba kila muuzaji awe mhandisi. Ninachodai ni kwamba tangazo la kesi lieleze feni zina plagi gani, liwe na picha ya plagi yenyewe badala ya picha kumi za taa zinazowaka, na aliyetoa jibu lisilo sahihi alipe nauli ya kurudisha mzigo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na sioni kwa nini kesi ya kompyuta iwe nje ya sheria hiyo. Mtu aliye Dar es Salaam akikosewa anapanda daladala kurudi dukani. Sisi wa Mtwara, Lindi na Masasi kosa la neno moja tunalilipia mizigo miwili ya basi, na kwa kawaida tunaamua kunyamaza kwa sababu kurudisha kunagharimu karibu na kile kilichopotea.

Kwa sasa feni mbili za pini 3 zinafanya kazi vizuri. Feni tatu za mbele bado ni za Molex, kwa hiyo kila ninaporekodi huwa nafungua ubavu wa kesi na kuzichomoa kwa mkono, kisha nazirudisha kabla joto halijapanda, na wiki iliyopita nilisahau, kompyuta ikazima katikati ya kazi ya mteja. Muuzaji nimemwandikia mara tatu, amesoma, hajajibu.

Mwenye kibadilishi kinachotoka soketi ndogo ya mazabodi kwenda plagi ya Molex ya feni, hapa Mtwara au Lindi, naomba aniandikie kwenye uzi huu na aweke picha ya pande zote mbili. Nahitaji vitatu.