Taka za fyusheni: hiyo "miaka 100 tu" ni kweli? Na tritiamu hutolewaje kwenye vyuma?

Mpenda_Nishati
Wakuu, salaam. Fyusheni (kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati) inanadiwa kwamba haiachi taka za maelfu ya miaka kama vinu vya kupasua urani, na kwamba baada ya miaka 100 vyuma vyake vinaweza hata kurudi kiwandani. Mtambo wa majaribio ya fyusheni wa JET pale Culham, Uingereza, ulizimwa Desemba 2023 na unabomolewa. Vigae vya ndani vilivyonyonya tritiamu (hidrojeni yenye mionzi, fueli ya mtambo) vinashughulikiwaje hatua kwa hatua? Na hiyo miaka 100 imetoka wapi?

Tanuru1000
Naanza na tritiamu, maana ndiyo inayokwamisha kazi kwanza.

Gramu moja ina takriban bekereli (kipimo cha mionzi) trilioni 357. Uingereza, taka za kiwango cha chini haziruhusiwi kuzidi gigabekereli (bekereli bilioni) 12 kwa tani kwa mionzi ya beta na gama. Piga hesabu: gramu moja inatosha kufikisha tani 29,000 na ushei kwenye ukomo huo. Kwa hiyo kigae kinachoonekana safi kabisa kinaweza kupanda daraja kikawa taka ya kati, ambayo Uingereza bado haina shimo la kudumu la kuizika. Kuitoa tritiamu kabla ya kufungasha ndiko kunakokirudisha kigae daraja la chini.

Utaratibu wenyewe: vipande hukatwa kwa msumeno au mkasi wa haidroliki. Epuka moto wa plazma, kwani joto linaifukuza tritiamu ukiwa bado hujaweka mtego. Kisha vinaingia kwenye tanuru lililozibwa, joto linapandishwa polepole hadi karibu nyuzi 1,000, huku gesi ikipitishwa juu yake. Gesi hiyo inakwenda kwenye chupa za maji zinazonasa tritiamu iliyokwisha kuwa maji. Ile iliyo katika umbo la hidrojeni haiyeyuki kwenye maji, inapita tu. Ndiyo maana baada ya chupa za kwanza pana kichocheo cha moto cha kuiunguza iwe maji, halafu chupa za pili.

Panapoharibika: bomba kati ya tanuru na chupa likipoa, mvuke unageuka maji ukutani na tritiamu inabaki humo ikivuja wiki nzima. Lizungushie hita, lisishuke chini ya nyuzi 100. Kosa la pili ni kupitisha hewa kwenye wolframi (tungsteni) ya moto: inaota oksidi, na oksidi hiyo kwenye joto kali inapaa kama moshi na kuziba mabomba. Wolframi ipewe arigoni yenye hidrojeni ya kawaida kidogo, isizidi asilimia 4. Hidrojeni hiyo inabadilishana nafasi na tritiamu na kuisukuma nje.

Glavu, maovaroli na plastiki usizichanganye na vyuma. Zina tanuru lake la joto la chini.

Feleji_Safi
Tanuru1000 kamaliza upande wake. Mimi nashika miaka 100.

Nyutroni ya fyusheni hutoka na nishati kubwa, MeV 14.1, na kugeuza viini vya chuma chenyewe viwe vya mionzi. Chuma cha pua cha aina ya 316 kina nikeli asilimia 10 hadi 14 na molibdeni 2 hadi 3. Molibdeni huzaa teknesi-99, yenye nusumaisha (muda wa mionzi kupungua nusu) ya miaka 211,000. Hapo miaka 100 haina maana yoyote. Ndipo ikaundwa feleji maalumu ya mitambo ya fyusheni kama EUROFER97: molibdeni, nikeli na niobi vikaondolewa, vikawekwa wolframi, vanadi na tantali.

Tatizo ni uchafu, yaani chembe za niobi zilizobaki. Nyutroni huzigeuza kuwa niobi-94, ambayo ina nusumaisha ya miaka 20,000 na zaidi, na inatoa gama kali, kwa hiyo hata sehemu chache kwa milioni zinahesabika. EUROFER97 imewekewa ukomo wa asilimia 0.005, na ukitaka kuiyeyusha upya hata huo ni mkubwa. Halafu kuna naitrojeni, ambayo imewekwa kwa makusudi ili kuimarisha feleji. Nyutroni huigeuza kuwa kaboni-14, miaka 5,730. Kobalti-60, nayo huzaliwa ndani ya chuma, watu huiogopa bure: ukisubiri miaka 50 inabaki chini ya sehemu moja kwa 700.

Kwa hiyo miaka 100 ni ahadi ya kiwanda cha kuyeyushia chuma kabla haijawa ya mtambo. Ukinunua feleji bila cheti cha niobi, umekwisha kuamua taka yako itakwenda wapi. (Berili, metali ya ukuta wa ndani wa mitambo hii, nayo huja na chembe za urani kutoka mgodini, na zikipigwa nyutroni zinazaa plutoni. ITER, mtambo wa kimataifa unaojengwa Ufaransa, walibadili mpango mwaka 2023, ukuta wa kwanza ukawa wa wolframi. Vumbi la sumu la berili lilikuwa sababu mojawapo.)

Mpenda_Nishati
Asanteni sana. Sasa kwa nini msiweke tu mapipani tritiamu ife yenyewe? Nusumaisha ni miaka 12.3. Na mnajuaje kiasi kilichobaki baada ya tanuru?

Tanuru1000
Miaka 60 bado inabakiza kama asilimia 3, na muda wote huo inavuja. Mpira na mfuko wa plastiki inavipenya. Pipa liwe la chuma cha pua, limechomelewa au lina gasketi ya chuma, na hewa ya ghala ipimwe.

Kupima ndiko wengi wanakokosea. Beta ya tritiamu haivuki milimita 6 hivi za hewa, kwa hiyo kipimo cha nje ya pipa hakiioni kabisa. Kupangusa uso kwa karatasi kunakupa ya juu tu. Chukua vipande vya sampuli kutoka kina tofauti, vichome kwenye tanuru dogo lenye chupa zilezile, kisha maji yake yachanganywe na kimiminika cha kumetameta (hutoa mwanga kikipigwa na mionzi) na kuhesabiwa mashineni. Sampuli ya uso peke yake hukupa namba kubwa mno kabla ya tanuru, na ndogo mno baadaye.

Feleji_Safi
Na sampuli ya niobi ichukuliwe siku feleji inapotoka kiwandani. Kipande kimoja cha kila myeyusho kiwekwe kabatini. Baada ya miaka 40 ndani ya mtambo, kuipima niobi-94 chini ya mionzi mikali ya kobalti inayoifunika ni kazi ya wiki. Kile kipande cha kabatini ni kazi ya asubuhi moja.